Kabla Hujapanda Jukwaani na "Malaika"

Mwimbaji wa harusi haepuki kuombwa wimbo wa "Malaika". Fadhili William aliurekodi Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba wa Afrika Kusini, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake, ndiye aliyeufikisha mbali: mwaka 1965 aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu iliyokuja kushinda tuzo ya Grammy. Nawe unaweza kuurudia ukawa wako. Siri ni hii: shika maneno, cheza na mwendo.

Soma kwanza, imba baadaye. Andika maneno kwa mkono, kisha yasome kama unaongea na mtu. Anayelalamika humo ni kijana anayependa lakini hana mali ya kuoa. Kwa hiyo usiuimbe huku unawapungia watu mkono na kuomba makofi. Mwambie MC auweke wageni wakiwa wametulia mezani, si wakati wa kukata keki. Matoleo hupishana maneno. Chagua moja, ulifuate mpaka mwisho.

Tafuta ki yako, yaani kimo cha sauti kinachokufaa. Imba bila ala sehemu iliyo juu kuliko zote. Shingo ikikaza, shusha nusu toni, jaribu tena. Mpiga kinanda atabonyeza kitufe cha kubadili ki tu. Mpiga gitaa atalazimika kubadili kodi za wimbo, basi mwambie mapema, si mkiwa jukwaani.

Amua mwendo. Makeba aliuimba taratibu, sauti ikiwa mbele ya ala. Kundi la Boney M liliutia disko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin naye akaurekodi mwaka 1991 kwa namna yake. Chagua njia moja. Ukienda taratibu, punguza ngoma na uliachie gitaa nafasi kati ya beti.

Weka akiba ya madoido. Ubeti wa kwanza uimbe ulivyo, watu waupokee. Kuanzia wa pili, vuta sauti unapotaka, ila vuta vokali na usimeze silabi ya mwisho. Msikilizaji wa Kiswahili hulikamata kosa hilo papo hapo.

Usiupakie mtandaoni kienyeji. Wimbo huu si wa kimapokeo usio na mwenyewe. Utunzi wake umebishaniwa kwa miaka mingi; mbali na Fadhili, mwanamuziki Adam Salim naye alidai ni wake. Kabla ya kuupakia au kuurekodi kwa ajili ya kuuza, ulizia kibali kwenye ofisi ya hakimiliki: Kenya anzia KECOBO, Tanzania COSOTA.

Mwisho, jirekodi kwa simu, umpe mtu asiye na haya ya kukukosoa. Usimuulize kama sauti yako ni nzuri. Muulize kijana wa kwenye wimbo anaumizwa na nini. Akijibu bila kusita, panda jukwaani. Akibabaika, rudi kwenye maneno.