Mafunzo Niliyopata kwa Kuunda Ndege za Mkonge Ushirombo

Nafundisha vijana wa hapa Ushirombo kuunda ndege ndogo zisizobeba mtu, kwa vitu tunavyovipata Bukombe, Kahama na Mwanza.

1. Mlingoti wa mkonge ni mali. Usukumani mkonge hupandwa kwenye mipaka ya mashamba. Huchanua mara moja, kisha hufa, na mlingoti wake ukikauka moyo huwa mwepesi mno huku ganda likibaki gumu. Mbao za balsa kutoka Amerika ya Kusini, zinazosifiwa na waundaji wa ndege, madukani kwetu hazipo. Milingoti inaozea shambani! Uchane mlingoti kwa urefu, ganda likae nje. Bawa likielemewa angani, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa, lakini katikati hakuna kazi kubwa. Kwa hiyo wepesi ukae ndani, ugumu ukae nje.

2. Kanuni hiyohiyo inalifaa boksi jeupe la povu la kusafirishia minofu ya sangara. Mmarekani Burt Rutan alifunika povu gumu kwa fibaglasi akaunda VariEze, iliyoruka mwaka 1975. Ndege za Zipline, zilizoanza kupeleka damu hospitalini Rwanda mwaka 2016, nazo zina mwili wa povu. Sisi tunalikata povu kwa waya wa moto, nje na mbali na uso kwa sababu moshi wake ni mbaya, kisha tunabandika karatasi ya kaki kwa gundi nyeupe ya maseremala. Petroli huliyeyusha povu hilo, na gundi nyingi kali pia. Jaribu tone moja kwenye kipande cha kutupa.

3. Mianzi ilimrusha Mbrazili Santos-Dumont karibu na jiji la Paris, kwenye kindege chake Demoiselle, mwaka 1907. Kwetu adui wa mianzi ni mdudu bungua. Iloweke majini wiki kadhaa, wanga anaoufuata upungue.

4. Gundi huongeza uzito upesi kuliko mti. Ukanda huu wa dhahabu una mizani ya kupima gramu. Azima, pima kila kipande kabla na baada ya kupaka.

5. Milingoti miwili iliyokua shamba moja haina nguvu sawa. Kila mmoja tunauning'inizia mifuko ya mchanga, tukiongeza taratibu, tuone unapinda kiasi gani. Kwa sababu hiyo, kijana akiniomba tuunde ndege ya kupanda mwenyewe, nakataa. Hiyo inahitaji mhandisi, vifaa vyenye nguvu iliyothibitishwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.