Majaribio Ndani ya Violezo: Mafunzo Niliyopata Makangale

Makangale iko kaskazini-magharibi mwa Pemba, ukishaupita msitu wa Ngezi. Wakati wa bamvua kina mama hushuka pwani kufunga na kuvuna mwani, kisha huuanika, huupima na kuuza kwa kilo. Daftari la mauzo yao naliandika kwa lugha ya programu ya D, iliyoasisiwa na Walter Bright na kutoka mwaka 2001. Naipenda kwa sababu jaribio huandikwa palepale, chini ya msimbo linaoupima.

1. Kiolezo kisichotumika hakijaribiwi. Ni kama kalibu ya matofali: pasipo udongo, hakuna tofali la kupima. Kiolezo changu hupokea aina ya namba, kamili kwa idadi ya kamba, desimali kwa kilo za mwani mkavu. Kisipopewa aina, jaribio lililomo ndani haliendeshwi wala kompaila haichunguzi maana yake, na kazi inapita kana kwamba yote ni salama. Hili ni zito, maana nyuma ya kila jumla kuna jasho la mtu. Kwa hiyo kila kiolezo nakiwekea jaribio nje, linalokiita kwa aina halisi.

2. Kila aina huja na jaribio lake. Kiolezo kikitumika kwa int, long na double, jaribio la ndani huendeshwa mara tatu. Mara nyingine ndivyo nitakavyo: kwenye double, 0.1 ikijumlishwa mara kumi haitoi 1 kamili, kosa ambalo namba kamili hazina. Jaribio linalotegemea aina nalibakiza ndani. Lisilotegemea, kama la kupanga majina, nalitoa nje, au nalizungushia sharti la static if liendeshwe kwa int peke yake.

3. Jaribio lenye mikwaju mitatu (///) juu yake huwa mfano katika nyaraka, lakini lazima lifuate moja kwa moja kile linachokieleza. Kikiwa ndani ya kiolezo, nakubali jaribio lirudiwe kwa kila aina. Mfano unaoendeshwa kweli una thamani kuliko maelezo marefu.

4. Fikiria atakayeazima msimbo wako. Akiwasha majaribio yake, majaribio yaliyomo ndani ya violezo vyako huingia kwenye programu yake na kumchelewesha. Phobos, maktaba rasmi ya D, ina alama yake, StdUnittest, ili vifaa vyake vya majaribio visiwafuate watumiaji. Daftari la mwani nalo nimelipa alama yake. Kijana wa Konde au Wete akilichukua, atapima msimbo wake tu.