Mgonjwa Anayechoka Kila Siku: Je, Amekosa Jua?

Katika familia zetu nyingi yupo mtu anayeishi na ugonjwa wa muda mrefu. Pengine ni baba mwenye ugonjwa wa figo, mama mwenye kisukari, kijana mwenye kifafa, au bibi ambaye miguu yake haimruhusu tena kwenda shambani. Kila mmoja ana malalamiko yake, lakini lipo moja ambalo karibu wote hulirudia: "Nimechoka." Hawasemi uchovu wa kazi, ule unaoisha kwa usingizi wa usiku mmoja. Wanasema uchovu wa kuamka nao asubuhi.

Uchovu wa namna hii hauonekani kama jeraha wala hausikiki kama kikohozi. Kwa sababu hiyo baadhi ya ndugu hudhani kwamba mgonjwa anadeka au amekuwa mvivu. Wengine husema ndivyo ugonjwa ulivyo, na hakuna la kufanya. Mawazo yote mawili yanaweza kumnyima mgonjwa msaada anaostahili. Katika somo la mwezi huu tutaeleza sababu moja ya uchovu ambayo hujificha sana, yaani upungufu wa vitamini D. Tutaona pia kwa nini hatupaswi kuifanya kuwa sababu ya kila uchovu.

Vitamini D ni nini?

Vitamini nyingine karibu zote tunazipata katika chakula. Vitamini D ni tofauti, kwa sababu sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe. Miale ya jua inapoipiga ngozi iliyo wazi, aina fulani ya mafuta iliyomo ndani ya ngozi hugeuka kuwa vitamini D. Lakini hapo bado haijawa tayari kutumika. Husafiri katika damu hadi kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, kisha hufika kwenye figo, ambako hubadilishwa mara ya pili. Ndipo huanza kazi.

Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kunyonya madini ya chokaa, yaani kalsiamu, pamoja na fosforasi kutoka katika chakula. Bila vitamini D ya kutosha, mtu anaweza kunywa maziwa na kula dagaa, na bado sehemu kubwa ya chokaa ikapita tu na kutoka na choo. Mifupa hulegea, na misuli nayo hudhoofika. Mtoto hupata matege. Mtu mzima hapati matege, kwa sababu mifupa yake imekwisha kukua, lakini mifupa hiyo huwa laini na yenye maumivu.

Binadamu walichukua muda mrefu kuutambua uhusiano huu. Mwaka 1890 daktari mmisionari wa Uingereza, Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi Japani, aliandika kwamba matege yalijaa katika miji ya viwanda ya Ulaya, ambako moshi na majengo yalizuia jua, lakini yalikuwa haba katika nchi zenye jua jingi. Mwaka 1919 daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa taa yenye miale inayofanana na ya jua, na mifupa yao ikakomaa. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani, Elmer McCollum, alionyesha kwamba katika mafuta ya ini la samaki kuna kitu kinachotibu matege. Vitamini A, B na C zilikuwa zimekwisha kupewa majina, basi hiyo ikaitwa D.

Jua tunalo tele. Upungufu unatoka wapi?

Swali hili ni la haki. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti uliofanywa Tanzania kati ya Wamasai na Wahadzabe, watu wanaoshinda nje kwa kuchunga na kuwinda. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Ili kuelewa hesabu hiyo, tujue kwamba kiasi kilicho chini ya 30 huhesabiwa kuwa upungufu, na kwamba 50 huwatosha watu wengi. Kwa hiyo mtu mweusi anayeishi nje, chini ya jua la Afrika, hupata vitamini D bila kununua chochote.

Lakini mgonjwa wetu hachungi wala hawindi. Tuangalie mambo yanayompunguzia.

1. Kukaa ndani. Mgonjwa hulazwa chumbani, mlango ukarudishwa na pazia likashushwa ili apumzike. Tunafanya hivyo kwa wema. Hata akiketi karibu na dirisha la kioo na kuhisi joto, vitamini D haitengenezwi, kwa maana kioo hupitisha mwanga na joto lakini huizuia miale inayohitajika.

2. Rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi ni kinga nzuri dhidi ya jua kali, lakini huhitaji muda mrefu zaidi juani ili kutengeneza kiasi kilekile cha vitamini.

3. Uzee. Ngozi ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ngozi ya kijana, hata wakiketi juani pamoja.

4. Ugonjwa wa figo au wa ini. Tumeona kwamba vitamini D ni lazima ibadilishwe na viungo hivi viwili. Vikiwa vibovu, jua peke yake halitoshi.

5. Dawa. Baadhi ya dawa huifanya vitamini D iishe upesi mwilini. Miongoni mwake ni dawa za kifafa kama fenobabitali, fenitoini na kabamazepini, pamoja na rifampisini inayotibu kifua kikuu. Tahadhari! Hakuna anayepaswa kuacha dawa hizo kwa sababu hiyo. Kifafa kisichotibiwa na kifua kikuu kilichoachwa njiani huua. Tunachopaswa kufanya ni kumwambia mganga juu ya uchovu na maumivu ili apime.

6. Magonjwa ya tumbo na unene. Anayeharisha kwa muda mrefu hashiki vitamini iliyomo katika chakula. Kwa mtu mnene sana, vitamini D hujificha ndani ya mafuta ya mwili, na kidogo tu hubaki katika damu.

Wenye ndugu huko Ulaya wawakumbushe pia. Nchini Uingereza, kuanzia mwezi Oktoba hadi mwanzo wa Machi, jua huwa chini mno kiasi kwamba ngozi haipati miale inayotakiwa. Serikali ya huko huwashauri watu wenye ngozi nyeusi, na wale wasiotoka nje sana, wafikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kila siku kwa mwaka mzima.

Dalili zake

Upungufu mdogo unaweza usionyeshe dalili yoyote. Ukizidi, mgonjwa huchoka bila kazi na husikia maumivu mazito katika mifupa ya kiuno, nyonga, mbavu na miguu. Misuli ya mapaja hudhoofika kabla ya mingine. Basi tumtazame mgonjwa anapoinuka. Je, anashindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu? Je, anapata shida kupanda ngazi? Je, anatembea akiyumba huku na huku kama bata? Je, huanguka mara kwa mara? Hizo ni dalili za kumpeleka hospitali, si za kumgombeza.

Je, kila uchovu ni upungufu wa vitamini D?

Hapana. Na hapa tunaomba wasomaji wawe waangalifu, kwa sababu wauzaji wa vidonge husema maneno mengi. Mgonjwa wa muda mrefu anaweza kuchoka kwa upungufu wa damu, kwa sukari iliyopanda au kushuka, kwa moyo au figo kushindwa kazi, kwa ugonjwa wa tezi la shingo, kwa malaria au kifua kikuu, kwa dawa anazotumia, kwa kukosa usingizi, au kwa moyo uliovunjika na kukata tamaa. Mwenye upungufu wa damu akipewa vitamini D peke yake, uchovu utabaki palepale huku ugonjwa ukiendelea.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2016 ulitolewa utafiti wa Uswisi uliohusu watu 120 waliokuwa na uchovu pamoja na vitamini D kidogo katika damu. Nusu yao walipewa vitamini D, na nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la kwanza asilimia 72 walisema uchovu umepungua. Katika kundi la pili ni asilimia 50. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, mwenye upungufu wa kweli anaweza kusaidiwa. Pili, watu wengi hujisikia nafuu kwa kutazamwa na kusikilizwa tu, hata pasipo dawa. Hilo nalo ni funzo kwa sisi tunaouguza.

Vilevile mjini Dar es Salaam walichunguzwa watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wakianza dawa na waliokuwa na kiasi kidogo cha vitamini D. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Vitamini D haikupunguza vifo wala haikuzuia kifua kikuu. Kwa hiyo atakayekuambia kwamba vidonge hivi vinatibu UKIMWI au vinachukua nafasi ya dawa za hospitali, usimsikilize. Vitamini D huwafaa wale walioikosa. Haigeuki kuwa dawa ya kila ugonjwa.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, tumtoe mgonjwa nje. Tumwekee kiti au mkeka uani, uso, mikono na miguu vikiwa wazi kwa kadiri ya heshima. Nusu saa hivi, mara kadhaa kwa juma, huwafaa wengi wenye ngozi nyeusi. Wengi wetu tumezoea kumtoa mgonjwa alfajiri jua likichomoza. Hewa ya wakati huo ni nzuri, lakini miale inayotengeneza vitamini D bado ni dhaifu. Kipimo rahisi ni kivuli: kivuli cha mtu kikiwa kirefu kuliko yeye mwenyewe, vitamini inayotengenezwa ni kidogo. Kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye, wakati unafaa. Kwetu huku karibu na ikweta ni kuanzia kama saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kwa mgonjwa, saa 3 hadi saa 4 asubuhi ni bora, kabla joto halijawa kali. Tumpe maji ya kunywa, na akisikia kizunguzungu tumrudishe kivulini.

Wapo wasiopaswa kuota jua. Watu wenye ualbino ni lazima wajikinge kwa kofia, nguo ndefu na mafuta ya kuzuia jua, kwa sababu jua huwaletea saratani ya ngozi. Baadhi ya magonjwa ya ngozi na baadhi ya dawa, kama vile doksisaiklini, huifanya ngozi iungue upesi. Watu hao wamwulize mganga.

Pili, chakula. Vitamini D imo katika samaki wenye mafuta kama vibua, katika ini na katika kiini cha yai. Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, lakini husaidia. Tusisahau chokaa yenyewe: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mboga za majani.

Tatu, tumpeleke hospitali na kueleza uchovu wake waziwazi: ulianza lini, huzidi wakati gani, na anatumia dawa zipi. Tuombe apimwe damu na sukari. Kipimo cha vitamini D hakipatikani kila mahali na bei yake ni kubwa, lakini mganga anaweza kuamua kwa kutazama dalili na hali ya mgonjwa.

Nne, vidonge vitumiwe kwa kipimo. Mtu mzima asizidishe yuniti 4,000 kwa siku bila agizo la daktari. Vitamini C ikizidi hutoka na mkojo, lakini vitamini D hujilimbikiza mwilini. Ikizidi sana hupandisha chokaa katika damu, na mtu hupata kiu, kichefuchefu, kufunga choo, kuchanganyikiwa, hata vijiwe vya figo. Mwenye ugonjwa wa figo asinunue kabisa kwa shauri lake mwenyewe, kwa sababu huenda akahitaji aina nyingine ya vitamini hiyo, na chokaa inaweza kumdhuru.

Tano, tumsaidie kutembea kidogo kila siku. Misuli isiyotumika hudhoofika hata kama vitamini ipo.

Wapendwa, tunapokwenda kumwona mgonjwa huwa tunabeba sukari, sabuni au matunda. Ni vizuri. Safari ijayo tumwulize pia, "Lini mara ya mwisho uliketi nje?" Kisha tumshike mkono tutoke naye uani, tuketi tuzungumze. Jua halina bei, lakini asiyeweza kuinuka mwenyewe hawezi kulipata mpaka mtu amtoe.

Maswali ya kujadiliana katika familia

1. Nyumbani kwetu au kwa jirani yetu yupo nani ambaye hajatoka nje kwa siku nyingi? Nani atamtoa, na siku gani?

2. Je, tumewahi kumwita mvivu mtu ambaye kumbe ni mgonjwa? Tungefanya nini kabla ya kumhukumu?

3. Tutajie sababu nne za uchovu zisizohusu vitamini D. Ni zipi zinaweza kupimwa katika zahanati iliyo karibu nasi?