Picha ya muamala si malipo

SWALI: Nauza vitenge mtandaoni hapa Mwanza. Mteja alinitumia picha ya muamala, nikampa bodaboda mzigo, kumbe pesa haikuingia. Nijilinde vipi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Picha ya namna hiyo hutengenezwa kwa simu ndani ya dakika chache. Hata meseji isikutoshe, maana jina la mtumaji nalo huweza kughushiwa. Kabla mzigo haujatoka dukani, fungua menyu ya simu yako uangalie salio mwenyewe. Mteja akikuharakisha, hapo ndipo uzidi kutulia.

Mtego mwingine unaniuma zaidi kwa sababu unatumia wema wa mtu: “Nimekosea, pesa imekuja kwako, nirudishie.” Usirudishe wewe. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, wao ndio wenye uwezo wa kurejesha muamala. Namba ya siri usimtajie yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu.

Namba ya tapeli huyo itume kwenda 15040. Kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika waifute.