Nenda Kasome, ila Kwanza Uliza Cheti Kitatoka kwa Nani

Mdogo wangu wa Pemba ya Msumbiji, barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema ulikimbia mapigano ya Palma Machi 2021 na mtoto mgongoni, ukashuka mashuani ufukweni Paquitequete huna hata kanga ya kubadili. Leo unafundisha Biblia chini ya mwembe, mbele ya wanawake ambao wengi wao wamefiwa. Shahada ya kwanza ya chuo cha Biblia unayo. Sasa umesikia kuna seminari za kiinjili zinazoshirikiana kufundisha uzamili wa theolojia, miezi fulani kwa intaneti na wiki chache ana kwa ana, na unatamani kuomba nafasi. Mchungaji wako anakuonya kwamba elimu ikizidi, imani hupungua. Mumeo anauliza nyumba ataachiwa nani.

Nianze na mchungaji. Mweleze kwa adabu habari za Byang Kato, Mnigeria aliyekuwa katibu mkuu wa umoja wa makanisa ya kiinjili ya Afrika. Hakuna aliyewahi kumshuku huyo kwamba imani yake ni nyepesi. Ni yeye aliyetaka Afrika iwe na vyuo viwili vya juu vya theolojia, kimoja cha Kifaransa na kimoja cha Kiingereza, maana makanisa yalikuwa yanaongezeka haraka kuliko walimu. Alizama baharini Mombasa, Desemba 1975, akiwa na miaka 39. Wenzake hawakuiacha kazi: mwaka 1976 wakaunda ACTEA ili vyuo vikaguane ubora, 1977 wakafungua chuo cha Kifaransa mjini Bangui, 1983 cha Kiingereza Nairobi, ambacho leo ni Africa International University. Chuo cha Bangui ndicho kilichofungulia wakimbizi malango yake vita vilipoingia mjini mwaka 2013. Kwa hiyo usomi wa namna hii unawajua watu waliolala kwenye mikeka kama ulivyolala wewe.

Umeona, lakini, lugha iliyokosekana kwenye mpango ule? Kireno. Ndiyo maana binti wa mkoa wako wa Cabo Delgado akitaka kusoma zaidi, mara nyingi njia zake ni ndefu: Brazil kwa Kireno, au Nairobi na Afrika Kusini kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni kwamba ukijipa miezi sita ya Kiingereza kabla ya kuanza, hutajuta. Kiswahili chako kitakusaidia kuishi Nairobi, ila tasnifu hakitakuandikia.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo wengi wanapoumia. Seminari nyingi ndogo hazina kibali cha kutoa digrii. Zinafundisha tu, halafu chuo kikuu chenye kibali kinasajili wanafunzi, kinakagua mitihani na kutoa cheti. Utaratibu huo ni halali kabisa, mradi uwe umeandikwa. Mimi nilipokuwa na umri wako nililipa ada ya mwaka mzima kwenye kozi iliyotangazwa kuwa ya vyuo viwili. Nilipofuatilia cheti, chuo cha pili kikanijibu hakinitambui. Makubaliano yao yalikuwa picha ya watu wanne wameshikana mikono. Niliifungia ile picha yao sandukuni, nikaanza upya mahali pengine, na nililia sana, mdogo wangu.

Kwa hiyo, kabla hujatuma hata metikali moja, omba kwa maandishi jina la chuo kitakachokusajili na namba yako ya usajili. Uliza pia kama digrii hiyo itatambuliwa Maputo, maana Msumbiji ina baraza lake la ubora wa elimu ya juu, CNAQ. Asiyetaka kukujibu maswali haya, mwache.

Na uende na swali lako mwenyewe. Pwani yako ni ya Waislamu wengi; jirani aliyekupa uji ulipofika Pemba huenda alikuwa Mwislamu. Wakristo na Waislamu walikimbia risasi zilezile. Mwalimu wa Biblia asiyejua kuishi na jirani huyo atawafaa nini wanawake wa chini ya mwembe? Chuo cha St Paul's, Limuru, kinafundisha uzamili kuhusu Uislamu na uhusiano wa Wakristo na Waislamu. Chenyewe kilizaliwa pwani: kilianza Freretown, Mombasa, mwaka 1903, kwenye makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Kilihamia Limuru 1930, baadaye Waanglikana wakaungana humo na Wapresbiteri na Wamethodisti. Si cha kiinjili pekee, lakini kwa swali lako ningekiangalia.

Kuhusu mumeo, usimfiche kitu. Keti naye, mhesabu pamoja nauli, bando la intaneti na wiki utakazokuwa mbali, mkubaliane mtoto atakaa kwa bibi gani. Mwanamume anayeona hesabu huogopa kidogo kuliko anayesikia ndoto. Kanisa nalo liandike barua kwamba ukirudi utafundisha watu wazima, wanaume kwa wanawake, si kurudishwa darasa la watoto na shahada yako mkononi.

Nenda, mdogo wangu. Barua ya kuomba nafasi iandike wiki hii, na wakikujibu, kabla hujasaini chochote, nitumie nakala niisome.