Somo la Kusoma: Jua, Jeni na Moshi

Wanafunzi wapendwa, na wazazi mnaosoma nao, someni somo hili kwa sauti mkipokezana aya. Maneno mapya yako mwanzoni, maswali yako mwishoni.

Maneno mapya

Jeni: maelekezo yaliyomo ndani ya seli za mwili. Nusu umerithi kwa baba, nusu kwa mama.
Kimeng'enya: kitu kinachotengenezwa na mwili ili kuharakisha kazi fulani ndani yake.
Saratani: ugonjwa wa seli zinazoongezeka ovyo.
Matege: kupinda kwa miguu kwa sababu mifupa ni laini.

Safari ya vitamini D

Ngozi ikipata jua hutengeneza vitamini D, lakini haiwi tayari hapo hapo. Husafiri kwa damu hadi kwenye ini, na kimeng'enya huibadilisha. Kisha huenda kwenye figo, hubadilishwa tena, na ndipo huweza kuusaidia mwili kufyonza kalsiamu ya mifupa. Kimeng'enya kingine huivunja isizidi.

Kila kituo kina jeni yake. CYP2R1 ni ya kwenye ini, CYP27B1 ni ya kwenye figo, CYP24A1 ni ya kuvunja. Jeni iitwayo GC hutoa protini inayoibeba vitamini D katika damu.

Herufi moja

Jeni huandikwa kwa herufi nne tu, na watu hutofautiana herufi hapa na pale. Mtu wa Unguja husema "mchele", wa Mombasa husema "mtele". Herufi zimebadilika, chakula ni kile kile. Lakini andika "pika" badala ya "paka", na maana yote imepotea. Jeni nazo ni hivyo. Tofauti nyingi hazina athari, na chache hupunguza au kuongeza kiwango cha vitamini D. Ndiyo maana ndugu wawili wanaokula sinia moja huweza kuwa na viwango tofauti.

Hata hivyo, maisha nayo yana nguvu. Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya damu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati kiwango cha 50 huhesabiwa kuwa kinawatosha watu wengi. Ngozi zao ni nyeusi, lakini wanashinda nje. Sisi wa Manfuha tuna jua kali, ila tunalikimbia: tuko darasani, garini, chini ya kiyoyozi, na kina mama ndani ya abaya. Kioo cha dirisha nacho huzuia miale inayotengeneza vitamini D. Ndiyo maana upungufu wake ni wa kawaida Saudi Arabia.

Je, inakinga mapafu?

Watafiti waliona kwamba wagonjwa wengi wa saratani wana vitamini D kidogo. Lakini mgonjwa hukaa ndani. Je, upungufu ulileta ugonjwa, au ugonjwa ulileta upungufu?

Jeni zilisaidia kujibu. Jeni za kurithi ni kama kura iliyopigwa kabla hujazaliwa, na ugonjwa wa baadaye hauwezi kuigeuza. Kama vitamini D ingekinga mapafu, waliorithi kiwango cha chini wangeugua zaidi. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha utafiti wa namna hiyo wenye wagonjwa zaidi ya 70,000 wa aina saba za saratani, ya mapafu ikiwemo. Haukupata ushahidi wa kutosha kwamba vitamini D inazuia saratani hizo. Wengi wao walikuwa wa asili ya Ulaya, kwa hiyo watu wa asili yetu nao wanahitaji kuchunguzwa. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani la watu 25,871. Waliomeza vidonge vya vitamini D kila siku hawakupata saratani kwa uchache kuliko wenzao.

Sababu kubwa ya saratani ya mapafu inajulikana: ni moshi wa tumbaku. Shisha nayo ni tumbaku, na maji yake hayausafishi moshi. Anayekaa karibu na mvutaji huuvuta pia.

Kwa wazazi

Vitamini D ina kazi yake: huimarisha mifupa na kuwakinga watoto na matege. Pimeni damu kabla ya kununua vidonge vikali, maana ikizidi huumiza figo. Lakini chupa ya vidonge kabatini haifuti moshi wa sebuleni. Mkaa wa shisha usiwashwe watoto walipo, na anayetaka kuacha asaidiwe, asisutwe.

Maswali

1. Vitamini D hubadilishwa katika viungo gani viwili?
2. Kwa nini Wahadzabe wana vitamini D ya kutosha?
3. Kwa nini jeni za kurithi ni kama kura?
4. Waulize babu na bibi kwa simu: walipokuwa watoto, walishinda wapi mchana? Andika sentensi tano, uje nazo wiki ijayo.