Mazungumzo juu ya Kuumba Watu na Joka la Mchezo

BINTI: Maalim, wenzangu wamenichagua niwe mwongozi wa mchezo wa kuigiza, ule ambao kila mchezaji hujitwalia nafsi ya mtu wa kubuni, akasema na kutenda kwa niaba yake, na penye shaka dadu ikaamua. Tumekubaliana hadithi yetu iwe ya zama za kale, na ndani yake liwemo joka. Je, nianze na joka au nianze na watu?

MAALIM: Anza na wakati, mwanangu, kwa maana mtu asiye na zama hana deni wala adui, na joka lisilo na zama ni mnyama mkubwa mwenye meno, basi. Mchezo wa kwanza wa namna hii kupigwa chapa, ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, uliyapanga majoka kwa rangi zao, na tangu hapo wachezaji wengi wameridhika kuuliza kama joka lililo mbele yao ni jekundu au jeusi. Mchezo wa tarihi huuliza zaidi ya hayo: watu wa mji ule, katika mwaka ule, walikhofu nini, walitumaini nini, na bahari ilipochafuka usiku walisema ni kazi ya nani?

BINTI: Basi nichagulie wakati, Maalim.

MAALIM: Chukua Malindi ya mwaka 1415. Mwaka mmoja kabla yake baraza ya mfalme wa Uchina ilipokea twiga aliyeletwa kutoka Bengal, na mwaka huo wa 1415 ikapokea mwingine aliyeletwa na wajumbe wa Malindi. Wakubwa wa baraza ile wakamwona kuwa ndiye mnyama wa heri aliyetajwa katika vitabu vyao, ambaye hutokea pale tu mfalme anapotawala kwa haki. Kisha, katika msafara wa 1417 hadi 1419, merikebu za amiri Zheng He, mzaliwa wa jamaa ya Kiislamu ya Yunnan, zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga, ambaye huku kwetu hula majani ya mgunga bila ya kustaajabiwa na mtu, alivuka bahari akawa muujiza. Maadamu tarihi yenyewe imekwisha kutenda ajabu ya namna hiyo, joka lako litaingia mlangoni bila ya kubisha hodi.

BINTI: Na watu wa mchezo niwaumbeje?

MAALIM: Mchezo ule wa 1974 ulitaka dadu tatu zirushwe mara sita kwa kila mtu wa mchezo, apate vipimo vya nguvu, akili, busara, afya, wepesi na mvuto. Vipimo hivyo hukwambia mtu aweza nini, ila havikwambii ataona haya kwa jambo gani. Upungufu huo Greg Stafford aliutazama kwa makini alipotoa mwaka 1985 mchezo wa zama za Mfalme Arthur uitwao Pendragon: alizipanga tabia katika jozi 13, kama vile huruma na ukatili, ushujaa na uoga, na kila jozi jumla yake ni 20, hata upande mmoja ukizidi, wa pili hauna budi kupungua. Itwae kanuni hiyo, lakini jozi zenyewe zitoe Malindi: ukarimu na ubahili, subira na papara, staha na ufidhuli, uaminifu na hiana. Kisha kila mtu mpe mambo matatu ambayo dadu haiyatoi, nayo ni kazi, deni na itikadi.

BINTI: Nipe mfano mmoja niushike.

MAALIM: Mchukue fundi wa vyombo vya mitepe. Kazi yake ni kushona mbao kwa kamba za usumba, hapigi msumari hata mmoja, na vidole vyake huijua kamba iliyolegea kabla jicho halijaiona. Deni lake ni kwa mfanyabiashara aliyemkopesha mahari ya kumwoza mwanawe, na mfanyabiashara huyo sasa amemwamuru asafiri na yule twiga wa wajumbe ili amtunze njiani. Itikadi yake ni hadithi ya kale ya mabaharia, kwamba chini ya bahari mna majabali ya sumaku yanayong'oa misumari ya vyombo. Na merikebu anayoamriwa kupanda imepigiliwa misumari ya chuma toka omo hata tezi. Mtu huyo hajarushiwa dadu yoyote, na tayari unajua atatetemeka wapi na atashupaa wapi.

BINTI: Kuna mwenzangu atakayetaka mtu wake awe shujaa asiyeshindwa na lolote.

MAALIM: Mpe ushujaa anaoutaka, kisha umuulize ni nani atakayeaibika shujaa huyo akikosea. Akiwa na mama, au mdhamini, au nahodha aliyemtolea kauli mbele ya watu, atajifunza kwamba nguvu za mkono hazimlipii mtu dhamana, na mwenyewe ataona raha kucheza mtu wa namna hiyo kuliko kucheza upanga.

BINTI: Sasa tufike kwenye joka.

MAALIM: Joka lako liwe moja, na mashahidi wake wawe watatu. Al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri katika bahari yetu hii mapema katika karne ya 10, aliandika kwamba watu walikhitilafiana juu ya joka la baharini: wako waliosema ni upepo mweusi uzukao kilindini na kupanda mawinguni, na wako waliosema ni kiumbe hai. Basi Mwarabu wa chomboni atashuhudia upepo. Mchina ataona bwana wa maji na mvua, wa kuombwa wakati wa ukame, na joka la makucha matano kwake ni alama ya mfalme. Fundi wetu ataona kisasi cha kilindi juu ya watu waliotia chuma baharini. Wote watatu wamelitazama jambo lile lile, usiku ule ule, juu ya sitaha moja.

BINTI: Na ukweli uko kwa nani?

MAALIM: Ukweli uamue wewe kabla ya siku ya kucheza, uuandike, wala usiugeuze. Liandikie joka makao, haja, mpaka na dalili. Makao yake yawe majira ya maleleji, kaskazi inapokoma na kusi haijashika, na tanga halijui lielekee wapi. Haja yake iwe kumrejesha yule twiga, kwa kuwa alichukuliwa bila ya ruhusa ya ardhi iliyomlisha. Mpaka wake uwe kwamba haliwezi kuvuka mwamba wa pwani. Dalili zake ziwe ndogo: maji ya mtungini kugeuka chumvi, kamba kavu kutoa harufu ya mvua. Wachezaji wazikusanye dalili moja moja, na kila mmoja azifasiri kwa itikadi ya mtu wake.

BINTI: Bila shaka watataka kuliua.

MAALIM: Wakitaka, waache wajaribu, lakini kwanza wajue lilitoka wapi. Katika ngano ya Sultani Majnuni, iliyotolewa katika mkusanyo wa Edward Steere mwaka 1870, Nunda mla watu hakuzaliwa nunda. Alikuwa paka wa sultani, akaanza kwa kula mifugo, na kila alipokula sultani alimtetea kwamba paka ni wake na mali ni yake, hata mnyama akawala watoto wa sultani mwenyewe. Wazee wetu walijua kwamba kila dubwana lina mtu aliyelilea. Joka lako nalo liwe na mlezi: mfanyabiashara mwenye tamaa, au mjumbe aliyedanganya. Hapo wachezaji watakuwa na njia tatu, kupigana, kusuluhisha, au kumkabili mlezi, na ile ya tatu huwa ngumu kuliko joka.

BINTI: Lakini Maalim, hizi tarihi na khabari za kweli hazitanifunga mikono?

MAALIM: Hizo ndizo zitakazokubeba. Jambo moja kubwa la kubuni huhitaji mambo madogo mengi ya kweli chini yake: jina la upepo, kamba ya usumba, bakuli la Kichina lililopachikwa katika mnara wa kaburi kama ulivyo ule wa Mambrui. Ukishasadikiwa katika bakuli utasadikiwa katika joka. Na ukibuni bakuli, mnara, upepo na joka kwa pamoja, msikilizaji hatakuwa na mahali pa kukanyaga. Nenda sasa ukawape wenzako kazi kwanza, kisha deni, kisha itikadi, na dadu iwe ya mwisho. Joka lisionekane siku ya kwanza. Siku hiyo wape twiga anayekataa kupanda ngazi ya merikebu, na fundi aliyeishika kamba iliyo shingoni mwa mnyama huyo, na mdai wake akimtazama kutoka ufukoni. Wakilitatua hilo kama watu wa 1415 wangalivyolitatua, watakuwa tayari kwa lolote litakalotoka kilindini.